Wito wa tabibu haukomi dawa inaposhindwa

Kila matokeo ya mitihani ya shule za upili yatangazwapo, magazeti hujaa picha za wanafunzi waliotia fora, nao huulizwa swali lile lile: wangependa kusomea nini? Wengi hujibu kuwa wanataka kuwa madaktari. Wazazi hushangilia na walimu hubebwa juu juu. Hapana ubaya katika furaha hiyo. Lakini ni nadra kusikia mwanafunzi akiulizwa swali la pili, ambalo ndilo zito zaidi: utafanya nini siku utakaposimama kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye huna dawa ya kumponya?

Swali hilo ndilo linalopambanua wito na cheo. Elimu yetu humzoesha kijana kuamini kwamba kila swali lina jibu, na kwamba asiyelipata amefeli. Kijana aliyelelewa hivyo afikapo wodini, hukiona kifo kama alama ya sifuri katika daftari lake. Aghalabu hukipita upesi kitanda cha mgonjwa asiye na tumaini la kupona, na jamaa huachiwa kauli moja tu: mpelekeni nyumbani, hakuna la kufanywa tena.

Kauli hiyo si kweli, na maisha ya Cicely Saunders ni ushahidi. Mwingereza huyu, aliyezaliwa mwaka wa 1918, aliyaacha masomo yake katika Chuo Kikuu cha Oxford wakati wa Vita Vikuu vya Pili ili awe muuguzi. Maumivu ya mgongo yalipomzuia kuendelea na uuguzi, alirudi chuoni, kisha akaajiriwa hospitalini kushughulikia shida za wagonjwa na jamaa zao. Katika kazi hiyo alikutana na David Tasma, Myahudi kutoka Warsaw, aliyekuwa akifa kwa saratani mjini London, mbali na kwao. Tasma alipofariki mwaka wa 1948, alimwachia pauni 500 ziwe dirisha katika nyumba ambayo Cicely alikusudia kuwajengea watu wa hali kama yake.

Nyumba hiyo ilichukua miaka 19. Aliposhauriwa kwamba madaktari hawangemsikiliza mtu asiye daktari, aliingia darasani upya akiwa amepita umri wa miaka 30, akafuzu udaktari mwaka wa 1957. Mwaka wa 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London. Alifundisha kuwa dawa ya kutuliza maumivu itolewe kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarejea, badala ya kumngoja mgonjwa alie. Alifundisha pia kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili pekee, bali ni ya akili, ya jamii na ya roho. Alikuwa Mkristo wa imani thabiti, lakini mlango wake ulikuwa wazi kwa wenye dini zote na wasio na dini.

Wapo Wakristo wanaodai kuwa mateso ni mtihani kutoka kwa Mungu, na kwamba mgonjwa hana budi kuyavumilia kimya. Hoja hii haina mashiko. Hakuna mahali katika Injili ambapo Yesu alimwambia mgonjwa abaki na maumivu yake kwa sababu yana faida. Kaburini kwa Lazaro alilia, ilhali alijua kwamba punde angemfufua. Naye yule Msamaria mwema hakumhubiria majeruhi njiani. Alimtia mafuta na divai katika majeraha. Tukumbuke pia rafiki zake Ayubu. Walipoketi chini pamoja naye siku saba bila kunena neno, walikuwa rafiki wa kweli. Walikosea walipofumbua vinywa na kuanza kumweleza sababu za mateso yake.

Kwa upande wa pili, wapo wanaoamini kwamba kifo sharti kipigwe vita hadi pumzi ya mwisho, hata kama ng'ombe na shamba vitauzwa kulipia matibabu yasiyomfaa tena mgonjwa. Mkristo anayesadiki ufufuo hana haja ya kukificha kifo namna hiyo. Anaweza kumwambia mgonjwa ukweli kwa upole, kisha akabaki naye.

Tusiseme kwamba haya ni ya nchi tajiri. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1990. Dkt Anne Merriman, aliyefanya kazi humo, alivuka mpaka akaanzisha huduma ya namna hiyo nchini Uganda mwaka wa 1993, akitumia mofini ya maji ambayo mgonjwa huinywa akiwa nyumbani kwake. Mwaka wa 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuagiza dawa hiyo, maana madaktari walikuwa wachache mno. Palipo na nia, umaskini haukuwa kizuizi.

Hata hivyo, neno wito lisigeuzwe kuwa mjeledi. Madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya walipogoma kwa siku 100 hadi Machi 2017, wananchi wasio na uwezo waliumia, na wengi waliwakumbusha madaktari kuhusu wito wao. Ukumbusho huo ulikuwa nusu ya ukweli. Msamaria yule yule alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili. Hakumtaka amtunze majeruhi bure eti kwa kuwa huruma ni wito. Anayedai wito kwa tabibu huku akimnyima ujira na vifaa anajidanganya, na anayeumia ni mgonjwa.

Basi walimu wafanye nini? Katika shule za upili, mwanafunzi aliyefiwa asirudishwe darasani kana kwamba alikwenda likizo. Mwalimu na aketi naye, hata bila maneno mengi, ili wenzake wajifunze jinsi ya kukaa na aliye katika majonzi. Katika vyuo vya utabibu, kila mwanafunzi akabidhiwe mgonjwa asiyetarajiwa kupona, amfuatilie hadi mwisho, na atahiniwe kuhusu namna alivyomtuliza maumivu na kusema na jamaa zake. Nanyi wanafunzi mnaotamani koti jeupe, nendeni mkawatembelee wagonjwa wa aina hiyo kabla hamjajaza fomu za vyuo. Atakayerudi huko akiwa bado anautaka udaktari ataijua kazi anayoiomba.