Kiti cha Brazzaville kipimwe Geita

Mei 18, 2025, mjini Geneva, mawaziri wa afya wa Afrika walimchagua Profesa Mohamed Janabi kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani, WHO, kanda ya Afrika, yenye makao yake Brazzaville. Alipata kura 32 kati ya 46. Ilikuwa mara ya pili katika muda usiofika mwaka Mtanzania kuchaguliwa kushika kiti hicho. Agosti 27, 2024 alichaguliwa Dk Faustine Ndugulile mjini Brazzaville, akafariki dunia miezi mitatu baadaye kabla ya kukikalia. Taifa lilimlilia yule na kumshangilia huyu, na kote kuwili lilikuwa na haki. Sisi wa ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Chato, tuna swali ambalo vigelegele havikulijibu: mkurugenzi huyu atawajibika kwa nani?

Kwa utaratibu uliopo, anawajibika kwanza kwa waliompa kura. Mawaziri wa nchi 47 za kanda hupiga kura ya siri, kisha Bodi ya Utendaji ya shirika hupitisha jina. Muhula ni miaka mitano na unaweza kurudiwa mara moja. Maana yake ni kwamba mwaka 2030, akitaka kuendelea, atawarudia wakubwa walewale ambao kazi yake inamtaka awabane kila wanapochelewa kusema kweli. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka serikali itoe taarifa ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio la hatari. Anayesimamia kanuni hiyo Afrika anapata ajira kwa hisani ya wanaoweza kuivunja.

Huku kwetu tunajua namna nyingine ya kumwajibisha kiongozi. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walipoanza Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, ntemi wao, yaani kiongozi, alisimamishwa mbele ya mkutano wa kijiji, na wanakijiji ndio waliomchagua. Walikuwa na makosa yao, mengine mazito, lakini kila mtu alijua ntemi yule anamlinda nani.

Kuhusu kuchelewa kusema kweli, tuchukue Biharamulo. Wilaya hiyo iko mkoani Kagera, lakini imepakana na Chato yetu. Dhahabu inachimbwa kule kama inavyochimbwa huku, na watu na mizigo hupita kila siku kwa mabasi na bodaboda. Januari 14, 2025, WHO ilitangaza kuwa kuna washukiwa 9 wa homa ya Marburg huko, na 8 kati yao wameshakufa. Serikali ikajibu kuwa sampuli zimepimwa na hazina kirusi. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Dk Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha kuwa Marburg ipo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika Machi 13, waliohesabiwa kuugua walikuwa 10, wawili wamethibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa. Wote 10 walikufa.

Siku sita zile, muuguzi wa zahanati ya Chato aliyempokea mgonjwa mwenye homa na kutapika damu alipaswa kumwamini nani? Mwenye basi la Geita je? Shirika lilisema kabla ya nchi mwanachama kuwa tayari kusema, na lilifanya sawasawa. Hicho ndicho kipimo tunachomwekea Profesa Janabi, naye anakuta kazi ngumu kuliko waliomtangulia, kwa sababu safari hii serikali inayoweza kuhitaji kuambiwa ndiyo iliyompendekeza.

Wala serikali kunyamaza si jambo jipya. Mwaka 2020 Tanzania iliacha kutoa takwimu za Uviko-19 ikiwa imefikisha wagonjwa 509 na vifo 21, na aliyekuwa Ikulu alikuwa mwana wa Chato. Mei mwaka huo Dk Ndugulile aliondolewa kwenye unaibu waziri wa afya. Tulizika watu huku bila kuambiwa wamekufa kwa nini. Miaka minne baadaye nchi ileile ilimnadi Dk Ndugulile Afrika nzima kama bingwa wake wa afya. Alistahili. Nchi iliyomnadi ndiyo yenye deni.

Lipo pia janga lisilotangazwa na yeyote, kwa kuwa haliui kwa siku moja. Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko, mchimbaji mdogo anakamata dhahabu kwa zebaki, kisha anaichoma, mara nyingi uani kwake, watoto wakiwa karibu. Mvuke ule huingia mapafuni, hutikisa mikono, huharibu figo, na kwa mjamzito hufika hadi ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kwenye makarasha ya kusagia mawe vijana wanavuta vumbi la mawe kutwa nzima, na mapafu yaliyochakazwa na vumbi hilo hushikwa na kifua kikuu kirahisi. Umoja wa Mataifa ulifika Rwamgasa kupima zebaki miaka ya mwanzo ya 2000. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata, unaotaka nchi zenye wachimbaji wa aina hii ziwe na mkakati wa kulinda afya zao. Makaratasi yapo. Kipimo cha zebaki kwenye mkojo hakipo kwenye zahanati ya kijiji.

Hatudanganyiki kuhusu fedha. Siku ileile Marburg ilipothibitishwa, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuiondoa Marekani WHO, na shirika limelazimika kubana matumizi. Lakini kusema kweli hakuhitaji bajeti.

Gazeti hili linamtaka Profesa Janabi aandike katika taarifa yake ya kila mwaka kwa mawaziri, nchi kwa nchi, tarehe ugonjwa ulipogundulika na tarehe serikali ilipotoa taarifa. Tanzania isirukwe. Aidai kila serikali yenye wachimbaji wadogo takwimu za zebaki na vumbi zilizopimwa kwa watu, na akinyimwa atangaze kuwa amenyimwa. Nao mawaziri, watakapokaa kumchagua tena au kumtafuta mwingine, wapige kura ya wazi, ili mwananchi wa Msalala ajue waziri wake alimtaka mtu wa namna gani. Akishindwa hayo, asipewe muhula wa pili, na Tanzania iwe ya kwanza kumnyima kura.