Nyasi Pemba zimejaa, mbona ng'ombe anakonda?

Masika ikimalizika, Pemba ni kijani kila kona, kuanzia Micheweni hadi Mkoani. Ng'ombe anafungwa kamba chini ya minazi au pembezoni mwa bonde la mpunga, anakula anashiba. Kiangazi kikikolea nyasi bado ni ndefu, ila maziwa yanapungua na mbavu zinaanza kuhesabika.

Kinachomponza ni umri wa nyasi. Zikiwa changa zina protini ya kutosha. Zikishatoa mbegu, shina linakuwa gumu na protini inashuka. Ikifika chini ya asilimia 7 hivi ya uzito mkavu, vijidudu vya tumboni vinavyosaga chakula vinakosa nguvu, na mnyama anakula kidogo hata kama majani yamemzunguka.

Wapemba wanaijua kanuni hii siku nyingi, ila kwenye karafuu. Karafuu huchumwa kabla haijachanua. Ikichanua imeshuka thamani, na ZSTC inanunua kwa daraja. Nyasi hakuna anayezipangia daraja, kwa hiyo zinaachwa tu. Wakati mzuri wa kuzikata ni pale mashuke yanapoanza kuchomoza. Ukingoja zaidi unapata mzigo mkubwa wa vijiti.

Lakini mara nyingi wakati huo mvua bado ipo, na kukausha hei kwenye mvua ni mtihani. Kwa kisiwa chenye unyevu kama hiki, sileji inaelekea kufaa zaidi: majani yanakatwakatwa, yanashindiliwa kwenye pipa, kisha linafungwa hewa isiingie.

Na mbolea? Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Kwenye malisho ya nchi za joto, makadirio ya kawaida ni kwamba kilo moja ya naitrojeni inaweza kuongeza kilo 10 hadi 20 za majani makavu. Chukua hesabu ya chini: kilo 230, yaani chakula cha ng'ombe mmoja wa kienyeji kwa zaidi ya mwezi. Ila imwagwe mvua ikiwa karibu kunyesha ili iingie udongoni, la sivyo sehemu yake inaweza kupotea hewani. Na mfuko uwekwe mbali na zizi, maana urea ni sumu kwa ng'ombe akiilamba. Samadi inafanya kazi polepole, lakini hainunuliwi.

Ugumu hasa uko kwenye ardhi. Pemba ina watu zaidi ya laki tano kwenye eneo lisilofika kilomita za mraba 1,000. Aliyepata eka tatu za mgao wa baada ya Mapinduzi ya 1964 anaweza kutenga kipande, akakitia mbolea na kukivuna kwa wakati. Anayefunga ng'ombe wake kwenye uwanja wa wote, atanunuaje urea ili ng'ombe wa jirani ale kwanza? Bila makubaliano ya shehia kuhusu nani anafunga wapi na lini, huyo mfuko hatanunua, na hakuna wa kumlaumu.