Raundi Si Udugu

Miongoni mwa wanywaji wa Kariakoo na wa Feri, soko la samaki la Magogoni linaloitazama Kigamboni, jijini Dar es Salaam, imejengeka imani kwamba raundi, yaani desturi ya kila aliyekaa mezani kuwanunulia wenzake wote vinywaji kwa zamu, ndiyo kipimo cha utu, na kwamba anayeaga kabla zamu yake haijafika ni bahili. Imani hiyo haina mashiko, na wanaoitetea kwa sauti kubwa ni nadra kuwa wale wanaokunywa taratibu.

Chupa ya kawaida ya bia nchini Tanzania hujaa mililita 500. Wakikaa watu sita, zamu haikamiliki mpaka kila mmoja awe amewekewa chupa sita, ambazo ni lita tatu, kwa hiyo kinachoamua kiasi cha pombe si kiu wala mfuko wa mtu, bali idadi ya viti. Asiye na haraka hurundikiwa chupa ambazo hata hazijafunguliwa, na aliyeagiza soda hulipia bia za watu watano, kisha akachekwa kwa kunywa soda.

Watetezi huilinganisha raundi na upatu, mchezo wa kuchangishana fedha na kupokezana kwa zamu, lakini mfano huo unawasuta wenyewe, kwa kuwa katika upatu kiwango hukubaliwa mapema na kijumbe, yaani mkusanyaji wa michango, hujulikana, ilhali mezani akitokea mtu wa saba hesabu huvurugika.

Dhuluma hii huonekana zaidi Feri, ambako kipato hubadilika siku hadi siku. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupungukiwa mapato mbalamwezi inapong'aa, kwa sababu mwanga wa taa hauwavuti tena samaki. Mpara samaki, anayelipwa ujira mdogo kwa kuondoa magamba, naye hukosa kazi mnada unapodorora. Kumtoza huyo sawasawa na dalali aliyenadi mzigo mkubwa asubuhi, kisha kuita jambo hilo usawa, ni kurudisha kodi ya kichwa kwa mlango wa baa.

Uingereza, ambako raundi ni mila kongwe, mwaka 1915 iliwahi kupiga marufuku watu kununuliana pombe jijini London na kwingineko, kwa hofu kwamba desturi hiyo ilikuwa ikiwalevya wafanyakazi wakati wa vita. Aliyesamehewa ni mwenyeji aliyemlipia mgeni kinywaji pamoja na mlo. Dar es Salaam haihitaji sheria ya namna hiyo, kwani baamedi anayejua kuhesabu chupa za meza nzima hashindwi kuandika bili ya kila mtu peke yake. Aliyeuza vizuri anabaki huru kutoa ofa, ambayo ni zawadi isiyodai malipo, na aliyeipokea akashukuru, akanywa moja, akawahi pantoni ya kwenda Kigamboni.