Samadi Haiondoi Zebaki

Tunawaandikia kutoka Segese, Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga. Sisi ni wanawake wachache wa visiwani tuliofuata biashara Bara: wengine tunauza madira na vitenge, wengine tuko kwenye cherehani. Huku ni kwenye dhahabu. Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu umo katika halmashauri hii hii, lakini maisha ya mtaani yanakwenda kwa wachimbaji wadogo, makarasha ya kusaga mawe na mialo ya kuoshea.

Siku hizi kila ukifungua simu kuna mtu anafundisha bustani ya nyumbani. Chukua kiroba, jaza udongo na samadi, panda mchicha, nanaa, mchaichai na kotmiri, ambayo huku wanaiita giligilani. Usitie mbolea ya dukani, usipige dawa, kula asili, uza asili. Ni mafundisho mazuri kwa mtu wa Donge au Wete. Kwa Segese yameruka jambo la kwanza kabisa, na tumechoka kuona mama anaambiwa mboga yake ni salama kwa sababu tu hakununua mbolea ya mfuko.

Jambo lenyewe ni zebaki. Mchanga wa dhahabu ukishasagwa na kuoshwa hutiwa zebaki, ambayo inaikamata dhahabu. Kisha hukamuliwa kwa kitambaa (vijana huja kwenye meza zetu kuomba vipande vya pamba nzito, wala hawafichi ni vya nini), na kile kidonge kinachobaki huchomwa ili zebaki iondoke ibaki dhahabu. Inaondoka kwenda wapi? Hewani, ikiwa mvuke usioonekana wala kunuka. Halafu inatua kwenye paa, kwenye ndoo ya maji na kwenye majani. Mboga za majani huichukua zebaki hiyo kutoka hewani kupitia majani yenyewe. Ukiosha mchicha unatoa vumbi la juu, lakini iliyokwishaingia ndani ya jani haitoki kwa maji wala kwa chumvi.

Sasa mwangalie huyo mwenye bustani ya asili. Viroba vyake ni vile vilivyobeba mawe kutoka karashani, kavinunua kwa bei ya kutupa. Udongo umechanganywa na mchanga laini wa marudio, kwa sababu unafukulika kwa urahisi na uko karibu. Dumu la kumwagilia alikuwa nalo mtu wa kuchenjua, na hakuuliza lilibeba nini. Na jivu analomwaga shinani kufukuza wadudu limetoka kwenye jiko la mkaa ambalo jana usiku baba watoto alichomea dhahabu yake uani, asubuhi likapikiwa uji. Hakuna hata punje moja ya mbolea ya kiwandani hapo. Tuiite mboga ya asili?

Samadi ni kitu kizuri, na Usukumani ng'ombe wapo, samadi si shida. Lakini samadi hulisha udongo tu. Zebaki haiozi kama maganda ya ndizi. Ni madini, itakaa kwenye udongo huo miaka na miaka, utie mboji utakavyo. Maji ya mwarobaini yanafukuza vidukari, zebaki hayaigusi.

Tunajua majibu, tumeyasikia yote. La kwanza: wazee wetu walikula mboga za hapa wakafika miaka themanini. Kweli. Wazee walichuma mgagani na majani ya kunde shambani, wakayaanika yakawa nsansa ya kiangazi, na hapakuwa na karasha nyuma ya jiko. Mtu asiwasingizie wazee kwa jambo ambalo hawakulifanya. La pili: mbona hatufi? Zebaki si sumu ya panya. Inakwenda polepole kwenye mishipa ya fahamu, mikono ikaanza kutetemeka, kumbukumbu ikapungua. Mjamzito anaweza asisikie kitu, lakini ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaoumia. Na nani anakuwa uani kutwa nzima, akipika, akifua, akichuma mboga, mtoto mgongoni? Si mchimbaji, yeye yuko duarani.

La tatu ndilo linalotuudhi zaidi: dhahabu ndiyo inayotulisha, msiiguse. Hakuna aliyesema watu wasichimbe. Sisi wenyewe tunauza nguo kwa pesa ya dhahabu, ikikata wiki mbili tu duka linalala. Tunachosema ni kwamba uani si mahali pa kuchomea. Wala si maneno ya wanawake waoga. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo umepewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa zebaki uligundulika mwaka 1956, kwa watu waliokuwa wakila samaki wa ghuba iliyomwagiwa maji ya kiwanda. Ndani yake nchi zenye wachimbaji wadogo zinatakiwa kuchukua hatua kukomesha mambo manne, na moja limetajwa waziwazi: kuchoma dhahabu yenye zebaki katika makazi ya watu. Kama nchi imeweka saini, kwa nini mtaani kwetu moshi unapanda kila magharibi?

Visiwani tunaulizana sana kuku amechinjwa na nani. Tunaomba tuulizane pia mchicha umeota wapi.

Anayetaka kulima huku, alime, lakini aanze na mahali kabla ya mbegu. Tafuta uwanja ulio mbali na karasha na mwalo, upande ambao upepo hauleti moshi, na mahali ambapo mvua ikinyesha maji hayateremki kutoka kwenye marudio. Nunua kiroba kipya au kilichobeba mahindi. Udongo uchukuliwe shamba la zamani ambalo hapajawahi kuchenjuliwa kitu. Jivu la jiko lolote lililochomewa dhahabu lisiguse bustani, na jiko hilo lisirudi kupikia. Mchimbaji naye atumie retoti, chombo kilichofungwa kinachourudisha mvuke kuwa zebaki, tena kinampunguzia gharama maana ataitumia upya. Atumie huko huko mwaloni, si nyumbani.

Hayo mama anaweza kuyafanya mwenyewe. Upepo hawezi kuuhamisha. Kwa hiyo tunaitaka serikali ya kijiji iweke sheria ndogo ya kukataza kuchoma uani, yenye faini inayouma. Na bwana shamba, kabla hajaja tena kutugawia mbegu, aombe udongo wa bustani za shule na za mitaa ya karibu na makarasha ukapimwe zebaki kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda Mwanza. Majibu yabandikwe ofisi ya kata, kila mtu ayasome. Mpaka hapo, anayeuza mboga sokoni kwa jina la asili atuambie kwanza udongo wake ameutoa wapi.