Ung'eng'e wa Puani

Jamani, hebu tuulizane ukweli: tangu lini kujua Kiingereza kukawa ni kubana pua?

Nilikuwa kidato cha kwanza, shule moja ya Biharamulo ambayo jina lake nalihifadhi. Mwalimu akanisimamisha mbele nitamke "thirty-three". Nikasema "sati sirii". Darasa likaangua kicheko. Rudia! Nikarudia, sijui mara ngapi, mpaka kengele ikaniokoa. Toka siku ile hadi naingia kidato cha tatu sikunyoosha mkono kipindi cha Kiingereza. Kalamu ilikuwa inajua, mdomo umepigwa kufuli. Wala sikuwa peke yangu. Madawati yote ya nyuma tulikuwa mabubu wa kutengenezwa. Na kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne unaandikwa kwa kalamu, nani atushtukie?

Kinachoniuma si kicheko. Vijana kuchekana ndo zetu. Kinachoniuma ni kwamba mwalimu yule dawa alikuwa nayo mfukoni na hakuitoa. Sauti ile ya "th" tunayo kwenye Kiswahili! Thelathini, thamani, methali. Na mwenzake mzito: dhahabu, dhambi, fedha. Ni kweli, sisi wa bara wengi tunasema "samani" na "zahabu", lakini ulimi ukishaoneshwa pa kukaa kwenye "thelathini", hiyo "thirty" haiko mbali. Badala yake tukaambiwa tumuige mtu wa London ambaye hata redioni hatukuwahi kumsikia.

Haya, kuna jingine. Kihangaza cha Ngara ni ndugu wa damu wa Kirundi na Kinyarwanda, lugha ambazo ukivuta irabu kidogo tu maana inageuka. Kwa hiyo mtoto wa Rulenge anaingia darasani sikio lake tayari limezoea kupima irabu fupi na ndefu. Si ndicho anachokihitaji mtu anayetaka kutenganisha "ship" na "sheep"? Najua, Mwingereza havuti tu, na mdomo nao hubadili umbo. Lakini pa kuanzia pako. Nani aliwahi kumwambia mtoto huyo kwamba ana mtaji? Anaambiwa lugha ya mama yake inamharibia ulimi, na shule nyingine akikutwa anaiongea anavikwa kibao shingoni kama mwizi.

Kwenye "r" na "l" sibishi. Ukinikaribisha "rice" nikasikia "lice", sijui nanawa mikono nile wali au natafuta dawa ya chawa. Hapo mwalimu akaze kamba.

Ila achague pa kukaza. Mwaka 2000 mwanaisimu wa Uingereza, Jennifer Jenkins, alitoa kitabu baada ya kuwachunguza wageni wanaoongea Kiingereza wao kwa wao. Akaona "th" ikikosewa watu wanaelewana tu. Kinachovuruga ni urefu wa irabu, ni kumeza konsonanti, ni kuweka mkazo kwenye neno lisilo lake. Kumbe lile lililonifanya kinyago mbele ya darasa ndilo lenye madhara madogo! Na mwenzake, Peter Trudgill, miaka ya 1970 alikadiria kwamba wenye lafudhi ile ya kifahari, ile mnayoililia, walikuwa kama asilimia 3 tu ya Waingereza. Sasa wewe wa Nyakahura unataka kuwa Mwingereza kuliko Waingereza 97 katika 100? Hiyo ni kasumba, tena ya bei mbaya.

Kwani Ngara hatukuona kwa macho? Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda pale Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, Benaco ikageuka mji. Ikaja UNHCR, yakaja mashirika, wakaja wafanyakazi wa mataifa chungu nzima, kila mmoja na Kiingereza cha kwao. Kijana wa Kihangaza aliyewaelewa wakimbizi kwa lugha ya nyumbani alikuwa na kazi moja: aelewe, aeleweke. Mambo ya maji, dawa na chakula hayangojei pua. Na leo ng'ambo ya daraja, Rwanda iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza. Hao ndio tutakaokutana nao mpakani na kwenye malori ya Nyakanazi (kama hatutamalizana kwa Kiswahili, maana mara nyingi ndivyo inavyokuwa).

Na sisi tunaojiita waandishi chipukizi tusijitoe. Fungua tamthilia zetu. Akitokea mjinga jukwaani, lazima achanganye "r" na "l", ndipo watu wacheke. Mwerevu katoka wapi? Katoka mjini, anamwaga ung'eng'e. Nami nimeandika mhusika wa hivyo, mara mbili. Nilikuwa namcheka nani kama si yule wa "sati sirii"?

Mdogo wangu yuko kidato cha pili, Ngara. Likizo iliyopita nilimpa ukurasa mmoja wa Kiingereza anisomee kwa sauti. Alisoma wote, hakuruka neno. Alisoma kwa kunong'ona, kiganja kimefunika mdomo.