Bei ya Hisa Peke Yake Haitoshi

Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze biashara mwezi Aprili mwaka 1998, kwa hisa za kampuni ya TOL, wako wananchi wa kipato cha chini walioweka akiba zao huko. Wengi hutazama jambo moja tu: bei imepanda au imeshuka? Hapana budi waulize na la pili: ni hisa ngapi zilizouzwa kwa bei hiyo?

Tuseme bei ya hisa imepanda kutoka shilingi 500 hadi 550. Ikiwa zimeuzwa hisa 200,000, ni dhahiri kwamba bei hiyo imekubaliwa na wanunuzi wa kutosha. Ikiwa zimeuzwa hisa 100 tu, hayo huenda yakawa mapatano ya watu wawili. Mkulima mwenye hisa 5,000 atajiona ametajirika, lakini siku atakapohitaji karo ya mtoto huenda asimpate mnunuzi. Utajiri wa kwenye karatasi haulipi karo.

Siri hii mabepari wanaijua zamani. Mwaka 1963 Mmarekani Joseph Granville alieleza kipimo chake: siku bei inapopanda, idadi ya hisa zilizouzwa hujumlishwa, siku inaposhuka, hutolewa. Jumla ikizidi kukua hali bei imetulia, huhesabiwa kuwa wenye fedha nyingi wananunua kimya kimya. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi.

Ubaya huanza hesabu inapogeuzwa ramli. Mwezi Januari mwaka 1981 Granville aliwaagiza wafuasi wake wauze kila kitu. Kesho yake bei zilianguka New York, na hisa karibu milioni 93 zikauzwa, idadi ambayo soko hilo lilikuwa halijapata kuiona. Lakini bei zilipoanza kupanda kwa nguvu mwezi Agosti mwaka 1982, yeye alishikilia kwamba zitaanguka. Waliomwamini waliachwa nyuma.

Kwetu tahadhari inatakiwa zaidi. Hisa za baadhi ya kampuni hupitisha siku nzima bila kuuzwa. Mtu akikuchorea wastani wa bei wa siku 50, huenda anakuonyesha bei ileile iliyorudiwa mara nyingi. Mchoro kama huo haumwongozi mnunuzi, unampoteza.

Kwa hiyo kila bei ya hisa inapotangazwa redioni au magazetini, itangazwe pamoja na idadi ya hisa zilizouzwa, tena kwa Kiswahili. Dalali naye awajibike kumweleza mteja idadi hiyo kabla ya kupokea fedha zake. Na mwananchi asisahau kusoma mahesabu ya kampuni, kwani gawio hutokana na jasho la wafanyakazi, wala halitokani na mistari ya mchoro. Akiba ya mnyonge si kitu cha kuchezea kamari.