Historia ya Umma na Mwanafunzi wa Uzamili wa Kiswahili

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Hata hivyo, ni nadra sisi tulio katika masomo ya uzamili kujiuliza tumeandaliwa vipi kuitunza mila hiyo.

Swali hili lilinikabili nilipokuwa nyanjani Lamu nikikusanya data ya tasnifu. Mzee mmoja aliyenisimulia kwa siku tatu habari za tungo za babake aliniuliza, "Sasa mwanangu, haya yote ukisha kuyaandika, sisi tutayasomea wapi?" Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba tasnifu ingejalidiwa na kuwekwa maktabani, isifunguliwe ila na mwanafunzi mwingine anayetafuta pengo la utafiti.

Ipo taaluma inayolishughulikia swali la mzee huyu, nayo ni historia ya umma: kuitafiti historia na kuiwasilisha nje ya darasa, pamoja na wenyewe, katika makumbusho, redioni na kwenye majengo ya kale. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kilianza kuifundisha katika ngazi ya uzamili mwaka wa 1976. Barani Afrika, Chuo Kikuu cha Western Cape kimewafunza wataalamu wa turathi kwa kushirikiana na makumbusho ya kisiwa cha Robben.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki mwaka wa 2017, alihifadhi katika *Sambo ya Kiwandeo* (1979) maarifa na istilahi za uundaji wa vyombo vya baharini vya Lamu. Katika *Umbuji wa Mnazi* (1985) aliufanyia mnazi vivyo hivyo. Huyo alikuwa mwanahistoria wa umma, ingawa hatujazoea kumwita hivyo.

Wapo watakaodai kwamba historia ina idara yake, nasi tubaki na fasihi yetu. Hoja hii haina mashiko. *Utendi wa Tambuka* uliandikwa Pate mwaka wa 1728 kwa hati za Kiarabu. Mashairi ya Muyaka bin Haji yamebeba mivutano ya Wamazrui wa Mombasa na Mabusaidi. Mwanahistoria asiyekijua Kimvita atayafasiri vipi? Nasi tunaoielewa lahaja hiyo, ni wangapi tunaoweza kuyafafanua kwa maneno hamsini yatakayobandikwa ukutani, mtoto wa darasa la sita akayaelewa?

Nimewahi kuzuru jumba moja la makumbusho ambamo maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza. Watoto wa shule walipita mbele ya milango ya nakshi kana kwamba wanapita mbele ya kuta tupu. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi nani atakayeyaandika maelezo hayo kwa Kiswahili sanifu na chenye mvuto, kama si sisi?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi wa uzamili anayeshughulikia ushairi wa kale afunzwe kusoma hati za Kiarabu. Pili, muhula mmoja utengwe kwa mafunzo ya kazi katika makumbusho, hifadhi za nyaraka au vituo vya redio, nao utahiniwe kama kozi nyingine. Tatu, tasnifu yoyote iliyotokana na masimulizi ya wazee iambatane na kazi itakayorudishwa kwao: kijitabu, kanda au maonyesho. Gharama zitakuwepo, na wahadhiri wetu tayari wameelemewa. Hata hivyo, mzee anapotutoka na masimulizi yake kabla hayajarekodiwa, hakuna bajeti itakayoyarejesha.

Jamii imetupa wakati wake, tungo zake na siri zake. Tusipoirudishia chochote, tutakuwa tumekopa bila nia ya kulipa. Nakusudia kurudi Lamu nikiwa na kijitabu mkononi. Naomba nimkute mzee wangu angali hai.